MZIGO WA MLIMANI: SAYANSI ILIYOMO NDANI YA SHANTA

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kwenda Uchaga, aliona kitu cheupe kimekaa juu ya mlima mrefu uliokuwa mbele yake. Kiongozi wake hakuwa na jina la theluji. Kitu kile alikiita “baridi” tu. Mabingwa wa jiografia huko London walibisha kwa miaka mingi, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Kiongozi yule hakuwa amesoma vitabu vyao, lakini jibu lake lilikuwa sahihi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza leo kulithibitisha kwa kalamu na karatasi.

Hewa inapopanda hupanuka, na inapopanuka hupoa. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 0.6 za sentigredi kila mita 100 za mwinuko. Mji wa Moshi uko karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni nyuzi 23 na ushei. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Tofauti ya mwinuko ni mita 5,045; ikizidishwa kwa 0.6 na kugawanywa kwa 100 hupatikana nyuzi 30. Kwa hesabu hiyo wastani wa joto kileleni hauna budi kuwa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Vyombo vilivyowekwa juu ya barafu ya Kibo mwaka 2000 vimeonyesha hivyo hivyo: karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Ni nadra hesabu ya ubaoni kukubaliana na maumbile kwa kiasi hicho.

Vijiji vya Masama, wilayani Hai, vimekaa ubavuni mwa mlima huo, upande wa kusini-magharibi, jirani na Machame. Mkulima apaliliaye kahawa na migomba yake huko huuona mlima kila asubuhi isiyo na mawingu. Kutoka soko la Kwa Sadala hadi ukingo wa msitu ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Ukaribu huu hudanganya. Kijana aliyezaliwa chini ya Kibo huweza kudhani kwamba maandalizi marefu ni ya wageni watokao ng’ambo, na kwamba yeye, mwenyeji, atatosheka na sweta la shule na viatu vya raba. Baridi ya mlimani haiulizi mtu kabila wala kijiji.

Tuseme basi klabu ya sayansi ya shule moja ya Masama imepata kibali cha hifadhi na kiongozi mwenye leseni, na imeamua kuzuru Uwanda wa Shira, karibu mita 3,840, ili wanafunzi wajionee mabadiliko ya mimea na hewa. Njia ya kupanda na ya kushukia hupangwa kwa taratibu za hifadhi. Kazi inayobaki kwa mwalimu ni kuamua kila mwanafunzi abebe nini, na kwa nini.

Adui wa kwanza ni maji

Watu wengi wakifikiri juu ya hatari za Kilimanjaro huwaza barafu. Lakini kabla ya kuifikia barafu msafiri hupita katika msitu ulio kati ya mita 1,800 na 2,800 hivi. Upande wa kusini wa mlima ukanda huu hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote, zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka mahali pengi, ilhali kileleni mvua na theluji kwa pamoja hazifiki milimeta 500. Kwa hiyo msafiri hulowa kwanza, kisha ndipo apandapo kwenye baridi. Mpangilio huu ndio unaoua.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, maji hupitisha joto mara 24 hivi zaidi ya hewa iliyotulia. Nguo haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kuishikilia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ni kipitisha joto dhaifu sana. Nguo ikilowa, nafasi za hewa kati ya nyuzi zake hujaa maji, na joto la mwili hupata njia pana ya kutokea. Pili, maji yanayokauka juu ya mwili huondoka na joto. Ili gramu moja ya maji igeuke mvuke huhitaji jouli 2,400 hivi.

Hebu mwanafunzi apige hesabu. Fulana nzito ya pamba iliyolowa huweza kushika nusu kilo ya maji, yaani gramu 500. Maji hayo yakikauka yote kwa joto la mwili, yatachukua jouli 1,200,000, au kilojouli 1,200. Kijana wa kilo 50 hupungua joto kwa nyuzi moja akipoteza kilojouli 175 hivi. Kama mwili wake usingetengeneza joto jingine, fulana moja ingemshusha kwa karibu nyuzi 7, kutoka 37 hadi 30. Kwa bahati njema mwili hutengeneza joto wakati wote. Lakini mtu aliyekaa kimya hutengeneza kilojouli 300 hivi kwa saa, hivyo fulana hiyo hula joto la saa nne nzima. Ikumbukwe kwamba joto la mwili likipungua chini ya nyuzi 35 mtu amekwisha ingia hatarini: hutetemeka, maneno humtoka kwa shida, huangusha vitu, hujikwaa pasipo na kisiki. Baadaye kutetemeka hukoma, na wenzake wasiojua hudhani amepata nafuu.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba uchaguzi wa nguo si jambo la urembo. Pamba, ambayo ni nzuri mno Dar es Salaam kwa sababu hiyo hiyo ya kushika maji na kupoza, haifai mlimani. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kupita zote: nzito, hunywa maji na haikauki. Sufu huweza kushika unyevu ndani ya nyuzi zake na bado ikabaki na mikunjo inayohifadhi hewa. Poliesta hainywi maji ndani ya uzi, na hukauka haraka.

Nguo hizi hazihitaji fedha za mtalii. Katika soko la Memorial mjini Moshi mafungu ya mitumba yana sweta za sufu na makoti ya poliesta, ila mara nyingi kibandiko kimekatwa au kimefutika. Mwalimu wa kemia anaweza kuwafundisha wanafunzi kutambua uzi kwa moto. Uchomolewe uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushikwe kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha uwashwe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua (kwa kuwa nywele na sufu ni protini ya jamii moja), na huacha makaa yanayosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka na kufanya shanga ngumu. Isiguswe kabla haijapoa. Kwa jaribio hili la dakika moja mnunuzi hupata habari aliyoificha kibandiko.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. Ya ndani iguse mwili na kuondoa jasho. Ya kati, yaani sweta moja au mbili, ishike hewa. Ya nje izuie upepo na mvua. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, si kwa sababu ya hewa iliyo kati yake tu, bali kwa sababu mpandaji anaweza kupunguza moja kabla hajatoka jasho. Mwenye kupanda akiwa amejifunika mno hulowa kutoka ndani, na koti la mvua lililo zuri namna gani halitamfaa kitu.

Seti moja ya nguo kavu, pamoja na soksi za sufu, huwekwa kwa ajili ya usiku peke yake. Haivaliwi mchana hata kama zile nyingine zimelowa. Amri hii huonekana kali asubuhi ya siku ya pili, mtu anapolazimika kuvaa soksi mbichi, lakini hakuna amri nyingine katika somo hili iliyo na maana zaidi. Zamani ilikuwa kawaida kuzifunga nguo hizo katika mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara. Badala yake fundi cherehani anaweza kushona mfuko wa turubai jepesi unaoingia ndani ya shanta na kukunjwa mdomo mara tatu. Kifuniko cha nje peke yake hakitoshi, maana maji hupenya mgongoni.

Usiku

Mwanafunzi akilala chini, uzito wake huyabana manyoya au pamba ya mfuko wa kulalia ulio chini yake. Hewa hutoka, na palipotoka hewa pametoka kinga. Kwa hiyo mkeka wa sponji ngumu wenye unene wa sentimeta moja au mbili hufaa kuliko blanketi la tatu. Wazee wa Uchaga waliijua kanuni hii bila kuiandika: nyumba zao za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, au kwa majani makavu ya migomba, zilikuwa ghala la hewa iliyotulia, na moto mdogo uliitosha familia na mifugo iliyolala humo.

Chupa ya maji isimamishwe kichwa chini. Maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4, na barafu huelea. Hivyo maji yaliyo juu ndiyo huganda kwanza. Chupa iliyosimama wima huziba mdomo, ilhali iliyopinduliwa huganda kitakoni na mdomo hubaki wazi asubuhi. Betri za kurunzi na za simu zilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya mabadiliko ya kikemia ndani yake, na betri nzima huonekana kama imekufa.

Jikoni

Ndani ya hifadhi ni marufuku kukata au kuokota kuni, kwa hiyo kila moto wa kupikia hubebwa mgongoni, uwe wa gesi au wa mafuta ya taa. Hapa kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huingia chunguni. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale tu kanieneo ilipo kama ya pwani. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi: Masama ni karibu nyuzi 96, Shira karibu 87, na Uhuru karibu 80. Moto ukizidishwa, maji hayapati joto zaidi. Hukauka tu haraka.

Maharage makavu, chakula cha kila siku cha shule, huhitaji kuchemshwa muda mrefu hata bondeni. Kwa nyuzi 87 yatakula mafuta ya siku mbili na bado yatalia kinywani. Wanga wa mahindi, kwa upande mwingine, huanza kuvimba na kuiva kabla ya nyuzi 75; kwa hiyo ugali na uji huiva Shira bila taabu. Maharage yachemshwe nyumbani na kukaangwa yakauke, au yaachwe kabisa na nafasi yake ichukuliwe na karanga na dagaa. Wengine huogopa kwamba maji yanayochemka kwa nyuzi 87 hayaui vijidudu. Huua: vijidudu vingi vya maradhi ya tumbo hufa joto likizidi nyuzi 70, na kuyaacha maji yachemke kwa dakika tatu ni tahadhari ya kutosha.

Kuhusu uzito wa chakula chenyewe, iko hesabu ndogo inayowashangaza wanafunzi. Kuinua kilo 10 kwa mita 1,200 ni kazi ya 10 × 9.8 × 1,200, yaani kilojouli 118 hivi. Misuli hugeuza kuwa kazi kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu iliyomo katika chakula. Gharama halisi ni karibu kilojouli 590, ambazo hupatikana katika ndizi mbivu moja na nusu. Mbona basi mzigo wa kilo 10 huchosha namna ile? Kwa sababu mlimani kinachopungua si chakula, bali ni oksijeni ya kukiunguzia. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni asilimia 21 huko juu kama ilivyo Tanga, lakini kanieneo yote hupungua, na kileleni haifiki hata nusu ya ile ya pwani.

Kanuni itumiwayo na wengi ni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 50 asibebe zaidi ya kilo 10, na lita tatu za maji ya siku nzima ni kilo tatu za hizo.

Kitu kisichoingia katika shanta

Kupungua kwa oksijeni hakuna nguo ya kukuzuia. Dawa yake ni muda. Mwili hujizoeza kwa kupumua zaidi na, siku zikipita, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Shauri la waganga wa milimani ni kwamba, mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka kambi ya Machame, karibu mita 3,000, hadi kambi ya Shira ni zaidi ya mita 800. Ratiba ya kawaida ya watalii huruka hapo kwa siku moja, na wengi huumwa kichwa usiku ule. Kwa kundi la shule ingefaa walale Machame siku mbili, hata kama mhasibu atanung’unika.

Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni onyo. Mgonjwa asipande tena mpaka apone. Akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea mstari mmoja kisigino kwa kidole, au akahema hata akiwa amekaa na kukohoa, ubongo umeanza kuvimba au mapafu kujaa maji. Hapo hashauriwi mtu, hushushwa mara moja, hata iwe usiku wa manane. Kurunzi moja kwa kila mtu, wala si moja kwa watatu, ni kwa ajili ya usiku kama huo. Na pombe isibebwe kwa kisingizio cha kujipasha moto: mbege au konyagi hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akajisikia moto huku joto la ndani likitoka nje.

Miwani ya jua pia si pambo. Miali ya urujuani huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miali hiyo usoni. Macho yaliyoungua hayaonyeshi dalili papo hapo. Huanza kuwasha kama yametiwa mchanga saa kadhaa baadaye.

Mzigo wa nani?

Historia ya kuupanda mlima huu ni historia ya mizigo. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alifika penye barafu ya Kibo akarudi, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kupandia barafu. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari, wakiwa na mashoka ya kukatia ngazi katika barafu, na baada ya kupanga wapagazi wawaletee chakula kambini kila baada ya siku chache. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta wakiwa wamechoka, wakashuka. Tarehe 6 Oktoba walifika juu kabisa. Vitabu huwasifu wawili hao. Wale waliobeba chakula hutajwa kwa idadi.

Hata leo kitabu cha safari huorodhesha vifaa vya mgeni, wala hakisemi mpagazi avae nini. Mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Lakini mizani hupima kilichomo begani, haipimi viatu. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika mlima huu, wengine bila kukaribia kilele, kwa sababu ile ile ya fulana iliyolowa. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ambao, pamoja na mambo mengine, huwaazima mavazi ya mlimani. Wazazi na kaka wa wanafunzi wa Masama wamo katika kazi hiyo. Mwalimu akiandika orodha ya vifaa vya safari, basi aiandike kwa kila mtu atakayelala mlimani, mpishi na mpagazi wakiwemo, na aikague kabla ya lango, ambako bado mtu anaweza kurudishwa nyumbani.

Jaribio la darasani

Yachukuliwe makopo manne ya maziwa yaliyo sawa, na katika kila moja yamiminwe maji ya nyuzi 60 kwa kipimo kimoja. Kopo la kwanza lifungwe kitambaa kikavu cha sufu. La pili, kitambaa cha sufu kilicholowekwa na kukamuliwa. La tatu, kitambaa cha pamba cha unene ule ule, nacho kimelowekwa na kukamuliwa. La nne lifanywe kama la tatu, kisha lifunikwe turubai jepesi na kukazwa kwa uzi. Vitambaa vipimwe uzito vikiwa vikavu na tena vikiwa vimelowa. Makopo yawekwe barazani penye upepo, na vipimajoto visomwe kila dakika tano kwa muda wa dakika 40. Wanafunzi wachore grafu nne katika karatasi moja, joto wima na muda mlalo.

Ubishi utakuwa juu ya kopo la nne. Pamba yake imelowa kama ya kopo la tatu, lakini maji yake yatapoa polepole zaidi, kwa kuwa mvuke uliofungiwa chini ya turubai hushiba upesi na mvukizo hukoma. Wanafunzi waulizwe wangemfanyia nini mwenzao aliyelowa chapachapa msituni, akiwa hana nguo nyingine, na mvua bado inanyesha. Nao wajibu kwa kutumia grafu.